Mkono wa Kushoto

Watu walioujua mkono wake walikuwa wengi kuliko walioijua sura yake, na yeye mwenyewe ndivyo alivyotaka. Mtaani walimwita Mashoto tangu utotoni, kwa sababu mkono wake wa kushoto ndio uliopewa akili yote na wa kulia ukaachiwa kushika kikombe. Shuleni walimchapa mpaka akakubali kuandika kwa mkono wa kulia. Sindano ilikataa katakata, na mwalimu wa ushonaji, mtu asiyependa kujichosha, akanyoosha mikono.

Kazi yake ilikuwa kuziba matundu. Usije ukadhani nazungumzia viraka. Kiraka Mashoto alikiona ni uvivu wa fundi uliobandikwa juu ya nguo ya watu. Mtu alileta koti la suti lililochomwa na sigara, au shali iliyoliwa na nondo, au suruali iliyonasa kwenye msumari siku ya usaili wa kazi. Mashoto alichomoa nyuzi chache ndani ya pindo, mahali pasipoonekana, kisha akazifuma upya juu ya tundu, mmoja wa kwenda, mmoja wa kukatiza, mpaka mwenye nguo mwenyewe akawa anaigeuza huku na huku akiuliza palipokuwa pameungua ni wapi. Swali hilo ndilo lililokuwa raha yake. Alikuwa hajibu, anainua mabega tu.

Wazo la video lilikuwa la mdogo wake wa kike. Huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitindamimba, na mama yao alipofariki alikuwa bado anabebwa mgongoni. Aliyembeba ni Mashoto. Kwa damu walikuwa dada na mdogo wake, lakini kwa malezi mambo yalikuwa mazito zaidi ya hapo, na hakuna kati yao aliyewahi kuyapa jina. Kitinda alikua na ulimi wa kuuza maji kando ya mto. Yeye ndiye aliyepokea wateja, akawapaka mafuta, akawatania, huku dada yake akikaa nyuma ya pazia na sindano yake. Siku alipokuja na habari za video fupi za kutangaza kazi kwenye simu, Mashoto alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sura yake hapana. Alisema angetaka kutazamwa angegombea udiwani.

"Basi sura baki nayo," Kitinda akamwambia. "Mimi niazime mkono tu."

Ndivyo walivyoanza. Simu iliwekwa kwenye stendi kando ya meza, ikatazama chini kama kuku anayetafuta punje. Mwanga ulitoka dirishani, na siku za mawingu waliwasha taa ya duara ambayo Mashoto aliilaani kwa kumchoma macho. Hakuna aliyezungumza. Ilisikika sauti ya uzi ukipita kwenye kitambaa tu, na ili isikike vizuri ilibidi kumwomba jirani yao, fundi wa kuchomelea mageti, anyamazishe mashine yake kwa muda. Alikubali kila mara, kisha akapiga nyundo kwa nguvu kuwatangazia kwamba subira yake imekwisha.

Mwishoni mwa kila video Mashoto alipitisha kiganja juu ya kitambaa, akakigeuza kuonyesha upande wa ndani, maana huko ndiko fundi mwongo hujulikana, kisha akagonga pale palipokuwa na tundu kwa kidole kilichovaa subana, kile kikofia cha bati cha kuzuia sindano. Tik. Watu wakawa wanaingoja hiyo tik kama watoto wanavyongoja kengele ya kutoka darasani.

Ukurasa waliuita Mkono wa Kushoto. Watazamaji waligombana wao kwa wao kama mwenye mkono ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa vidole vya Mashoto vilikuwa vinene na kucha zake amezikata mpaka kwenye nyama. Nusu yao waliapa ni mwanamume. Wengine walijibu kwamba hakuna mwanamume mwenye subira ya namna hiyo. Ubishi haukuisha, basi wote wakakubaliana kumwita Mkono. Mkono, shikamoo. Mkono, leo umeniliza. Mkono, mume wangu ana soksi, utaziweza?

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, walikunywa chai na Kitinda akasoma maoni ya watu kwa sauti. Simu ya Mashoto ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea, na hakutaka nyingine. Alipenda kusomewa. Alijifanya hamnazo, anapuliza chai, anatazama ukutani, lakini Kitinda akiruka hata moja alijua na kumwambia arudi nyuma. Aliyempenda kuliko wote alikuwa mmoja aliyejiita Fundi Mstaafu. Huyo hakusifu hovyo. Aliandika kama mtu aliyekaa meza ya jirani: leo umeuvuta uzi wa tatu kidogo, kitambaa kimejikunja, lakini ukakirudia, nimekuona. Au: hiyo sufu ni ya zamani, siku hizi hawafumi hivyo, itunze. Mashoto akamwambia Kitinda amjibu kwamba kweli uzi ulimponyoka. Hawakuwahi kuonana wala kupigiana simu. Hata hivyo, kuna asubuhi Kitinda alimtania dada yake kuwa anachana nywele kabla ya kusomewa maoni ya mzee wa watu, na dada akamrushia kipande cha mkate.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Akalala, akanywa uji, akajikaza kisabuni. Akaubana mkono mezani kwa kiwiko, akaukemea kama mbwa. Siku moja alijichoma sindano akavujisha damu kwenye shati jeupe la mteja, na Kitinda akalisugua kutwa nzima mpaka vidole vikachubuka. Hospitali waliupima, wakamwambia anyooshe, akunje, aguse pua. Daktari alikuwa mstaarabu. Alisema dawa zipo za kuupunguzia mtetemo, lakini mkono wa kufuma uzi kwa uzi asiutegemee tena. Mashoto akauliza kama wa kulia unaweza kufundishwa. Daktari akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza kuliko jibu.

Kazi yenyewe haikusimama, maana Kitinda aliijua. Dada yake alimfundisha tangu akiwa msichana, na kama si gwiji basi alikuwa fundi wa kutosha. Tatizo lilikuwa video. Kitinda alishona kwa mkono wa kulia kama watu wengi, na ukurasa uliitwa Mkono wa Kushoto. Akakaa na simu yake jioni nzima, akaja mbio na ufumbuzi: kuna mahali unabonyeza, picha nzima inageuka kama kwenye kioo, kulia kunakuwa kushoto. Nani atajua? Akaomba subana. Kidole chake kilikuwa chembamba, ikabidi azungushe uzi ndani yake isichomoke.

"Ni kwa muda tu, dada'ngu," alisema. "Mpaka upate nafuu."

Wote wawili walikuwa wamemsikia daktari. Mashoto akaivua subana na kumpa.

Video ya kwanza ya kioo waliitazama pamoja. Kitinda alikuwa amefikiria mengi: alifunika lebo ya koti ili herufi zisionekane kinyume, akapaka mafuta mikono ing'ae kidogo kama ya dada yake, na kiganja akakipitisha vilevile, akageuza kitambaa vilevile, akagonga vilevile. Mashoto aliona mkono wa kushoto wa mtu ukifanya kila alichofanya yeye maishani. Na aliona kitu kimoja ambacho Kitinda hakukifikiria. Lilikuwa koti la kiume, na kwa kuwa picha imegeuzwa, vifungo vyake vimehamia upande wa kike. Fundi yeyote angeona. Mashoto alifungua mdomo amwambie, kisha akaufunga. Akasema video ni nzuri, wairushe.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu. Hakutaka kusifiwa, wala hakutaka biashara ife. Angejikata mkono wenyewe kabla ya kumharibia Kitinda riziki. Alitaka mtu mmoja, mmoja tu katika umati ule wote, aulize: huyu ni nani, na yule mwingine yuko wapi? Alikaa na chai yake kila asubuhi akingoja. Kitinda alisoma. Kazi safi. Mungu akubariki, Mkono. Mnapatikana siku za mapumziko? Tik imenifurahisha leo. Mashoto alipuliza chai mpaka ikapoa.

Akiuliza habari za Fundi Mstaafu, Kitinda alisema hajaandika. Mashoto akamtafutia sababu: labda amesafiri, labda macho yanamsumbua, labda simu imeanguka chini. Kitinda akakubali kila sababu haraka haraka, akafungua mlango wa duka.

Baadaye sababu zikamwishia. Alikuwa akichambua nyuzi nyuma ya pazia, akizipanga kwa rangi, kazi ambayo mkono unaotetemeka unaiweza ukipewa muda, na machozi yakawa yanamtoka bila hata kumpa taarifa. Roho ilimuuma. Alikuwa amedhani kuna kitu katika mkono wake ambacho si cha mtu mwingine. Kumbe watu walipenda subana na tik. Ukimvalisha yeyote subana ile na kumgeuza kwenye kioo, wanasema Mungu akubariki. Miaka yake yote mezani ilikuwa imezibwa kwa nyuzi chache na hakuna aliyeuliza palipokuwa na tundu ni wapi. Yeye aliyeipenda raha hiyo kwa nguo za watu sasa alionjeshwa upande wake wa pili, na ulikuwa mchungu.

Hakumwambia Kitinda. Angemwambia nini? Kwamba amefanya kazi vizuri mno?

Basi siku moja, saa za mchana ambapo wateja huwa wachache, mlango ukafunguliwa na Kitinda akasikika akisema shikamoo. Sauti ya mzee ikaitikia marahaba, polepole, kama mtu anayetua mzigo. Mashoto alikuwa nyuma ya pazia na bakuli la nyuzi mapajani. Mzee akasema amekuja kwa kuulizauliza njia, duka lenyewe amelijua kutokana na maelekezo kwenye simu, na huko kwenye simu yeye anajiita Fundi Mstaafu.

Bakuli likamponyoka Mashoto. Kwa bahati lilianguka juu ya lundo la nguo, halikutoa sauti.

Mzee aliendelea taratibu. Alisema aliona vifungo vya koti vimehama, akajua picha imegeuzwa, na fundi hageuzi picha bila sababu. Tena akaona namna uzi unavyovutwa si ile. Akaandika kuuliza. Kesho yake maneno yake hayapo. Akaandika tena, yakapotea tena, na tena, mpaka ukurasa wenyewe ukamfungia mlango asiweze kuandika hata salamu. Mjukuu wake ndiye aliyemwambia kwamba mambo hayo hayatokei yenyewe, lazima kuna mtu anayefuta.

"Sikuja na lawama, mwanangu," alisema. "Nimekuja kujua hali tu. Yule wa mkono wa kushoto ni mzima?"

Kitinda alicheka kile kicheko chake cha kuuzia. "Si ndiye mimi huyu, mzee wangu?"

Kisha mzee akasema vizuri, kama ni hivyo amekuja na koti lake, kiwiko kimetoboka, akamwomba amtilie pini hapo penye tundu. Mashoto alisikia kisahani cha pini kikisogezwa kwenye meza. Hakuhitaji kuona. Alimlea mwenyewe, akamfundisha mwenyewe. Alijua ni mkono gani utanyooshwa, hata kama akili imeshatunga uongo, maana mkono hauna habari na uongo wa mdomo.

Pini ilitiwa, kwa mkono wa kulia. Ilisikika sauti ya koti likikunjwa, bila haraka, kwa mikono inayojua kukunja koti.

Mashoto alisimama. Alitaka kutoka, nasema wazi alitaka kutoka kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote. Hatua moja tu, pazia, na pale angesimama mtu aliyemwona. Lakini alikuwa amejificha maisha yake yote kwa hiari, akatania juu yake, akaifanya sharti, na sasa miguu haikukubali. Tena angetoka amwonyeshe nini? Alinyoosha mkono wa kushoto alishike pazia, na pazia lote, kutoka kwenye pete zake mpaka chini, likaanza kutikisika.

Mzee lazima aliliona, kwa sababu aliposema tena sauti yake ilikuwa imegeukia upande huo, na haikuwa ya kumwambia Kitinda.

"Pole sana, Mkono," alisema.

Alingoja kidogo. Kisha mlango ukafunguliwa na kufungwa, na nje mashine ya kuchomelea mageti ikaanza kunguruma.

Alipotoka, Kitinda alikuwa bado amesimama mezani ameshika kisahani cha pini. Alianza kusema kwamba mzee wa watu amechanganyikiwa, umri, unajua tena. Aliongea hivyo kwa muda, akaona dada yake hamtazami usoni bali anatazama simu iliyo kwenye stendi, akanyamaza.

"Nisomee," Mashoto akasema.

"Nisome nini?"

"Ya wale waliouliza."

Ndipo yote yakamtoka, kwa hasira kwanza, kama mtu anayetapika. Ndiyo, aliyafuta. Walikuwa wanauliza tangu siku ya kwanza, si mzee peke yake, wengi, kila video, mkono gani huu, yule yuko wapi, turudishieni Mkono wetu. Alisema kila asubuhi aliamka mapema kuyafuta kabla ya chai. Sasa alitakiwa afanyeje? Ayaache, wateja wajue fundi wanayemjua hayupo tena, wapeleke nguo kwingine? Ayasome, dada yake ayasikie, achukue sindano kwa ukaidi wake, ajitoboe, amwage damu kwenye nguo za watu mpaka duka lifungwe? Alisema alikuwa anawafuta wao ili asimfute dada yake. Alisema mambo mengi, mengine ya maana, na machozi yakawa yanamdondoka kwenye kisahani.

Mashoto alimsikiliza mpaka mwisho, kama siku ile ya kwanza.

"Vifungo niliviona siku ileile," akasema.

Kitinda akainua uso. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka waone." Akakaa. "Mimi nilikuwa nakaa pale na chai yangu, nangoja. Kila siku. Hukuniona nikingoja?"

Kitinda angeweza kudanganya hapo, na pengine ingekuwa huruma. Alikuwa na ulimi wa kufanya hivyo. Aliifuta pua kwa pindo la kanga yake iliyokuwa begani.

"Nilikuona," akasema.

Jioni Mashoto alimwambia kitu kimoja tu, ayarudishe, na Kitinda akamweleza kwamba yakishafutwa hayarudi, hayakai popote, si kama nguo ukasema utaitoa kwenye sanduku. Mashoto akauliza mara ya pili kwa kuwa hakuamini. Kitinda akambonyezea simu mbele ya macho yake, huku na huku, kila mahali, ili aone kwamba hakuna. Kumbe watu walikuwa wamemuulizia, na maneno yote ya watu hao yalikuwa yamekwenda, na Mashoto hakuwa ameyasikia hata moja.

Kitinda alimfungulia Fundi Mstaafu ule mlango aliokuwa amemfungia, akamwandikia kumwomba radhi. Mzee hakujibu. Labda alikuwa ameona alichokuja kuona.

Asubuhi iliyofuata Mashoto hakutaka chai. Kitinda akaichemsha hata hivyo, akamimina vikombe viwili, akaketi mahali pake pa kila siku. Simu aliiacha chumbani. Mashoto aliliona hilo.

"Nilikuwa nayasoma kabla sijayafuta," Kitinda akaanza, akitazama kikombe. "Yote niliyasoma. Mengine nayakumbuka."

Dada yake alivuta kiti.

Kitinda akafumba macho. Kulikuwa na mmoja, alisema, aliyeandika kwamba tik ya siku hizi inalia kama ya mtu anayegonga mlango kwa haraka, na ile ya zamani ilikuwa kama mtu anayeweka kikombe mezani. Kulikuwa na mama mmoja aliyesema alikuwa akimtazama Mkono usiku mtoto wake akikataa kulala, na mtoto huyo sasa ameukataa huu mpya. Mwingine aliuliza kama huyu ni mwanafunzi, na kama ni mwanafunzi aambiwe asivute uzi kama anayegombana nao. Hapo Mashoto akacheka, kicheko kidogo kilichomshtua yeye mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyomwambia Kitinda tangu akiwa msichana. Kitinda naye akacheka na macho yamefumbwa.

"Mzee je?" Mashoto akauliza.

"Mzee aliandika vifungo vimehamia upande wa kike. Mara ya pili akaandika, Mkono, kama unaumwa sema tukuombee. Mara ya mwisho..." Kitinda akakisogeza kikombe chake. "Mara ya mwisho akaandika, kama amefariki, msitufiche, alikuwa wetu pia."

Mashoto aliweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, akaubana kwenye mapaja ili meza isitikisike na chai isimwagike.

"Endelea."

Kitinda akaendelea. Akakumbuka wa soksi, akakumbuka kijana aliyepata kazi kwa suruali iliyofumwa, na mwingine, na mwingine. Kisha akaanza kusita. Alirudia mmoja aliyekwisha kumtaja, akajisahihisha. Ilikuwa dhahiri kwamba kumbukumbu imefika mwisho wake. Fundi wa mageti alikuwa amefungua, akapiga nyundo yake ya kwanza ya siku, na mlangoni mteja alikuwa akibisha. Hakuna aliyesimama.

"Kuna mwingine," Kitinda akasema, na sauti yake ikawa imebadilika. "Huyu aliandika ndefu kidogo. Aliandika, dada'ngu, umeadimika. Hata nikijifunza namna gani, wangu hautafika pale ulipofika wako. Kila nikivaa subana yako inanipwaya. Akaandika, dada'ngu, nisamehe."

Huko kwenye simu, wakubwa kwa wadogo, wote walimwita Mkono, na nusu yao waliapa ni mwanamume. Duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu wa kumwita dada'ngu, naye alikuwa amekaa mbele yake, amefumba macho, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akijifanya anasoma.

Mashoto hakumkatiza. Chai yake ilikuwa imepoa. Alisubiri mdogo wake apumue, kisha akamwambia asiache hapo, aendelee.